Jicho la Askari wa Lango

Tik. Kisha kimya. Kisha kitu kidogo kikabiringika sakafuni, kikagonga mguu wa kabati, kikatulia.

Giza lilikuwa bado halijaondoka, ile saa ya mwisho kabla simu yangu haijaanza kelele zake za kuniamsha. Mume wangu alikuwa anakoroma taratibu, mkoromo wa mtu aliyeshinda juu ya paa la watu akitengeneza viyoyozi. Mtu mwingine angesikia mlio ule akasema panya. Mimi nilisema moyoni: plastiki, kitako cha mviringo, uzito mdogo, hana mabawa. Atakuwa mpiga mishale, au mmoja wa wale askari wa lango. Ndipo nilipokuwa nimefika. Mama wa mtoto mmoja, mwanafunzi wa masomo ya jioni, mpiga pasi wa kutegemewa katika duka la dobi, na mtu anayeweza kumtambua mwanamgambo wa plastiki kwa mlio wa kuanguka kwake.

Nikashuka kitandani nimwokote kabla hajakanyagwa. Hatua ya pili nikamkanyaga. Mkuki uliingia katikati ya unyayo, nikaziba mdomo kwa viganja vyote viwili na kuruka ruka pale gizani kwa mguu mmoja. Mume wangu, macho yamefumbwa, akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, lala. Akavuta shuka, kisha akauliza kama mkuki umepinda. Huyo ndiye mwanamume niliyeolewa naye, na sina malalamiko.

Kisanamu kilikuwa kimeanguka kutoka kitanda cha mtoto. Nikakibeba hadi jikoni, nikawasha taa na kukikagua. Mkuki mzima. Usoni kulikuwa na kiuchafu cheupe kimeganda, kidogo kama punje ya ufuta, nikakikwangua kwa ukucha na kukipuliza kwenye sinki. Kisha nikamrudisha askari kwenye kopo la maziwa pamoja na wenzake wa ziada, nikajisifu kwa usafi wangu.

Inabidi nieleze, maana najua inavyosikika. Visanamu hivi si vya ibada wala si vya mapambo, ingawa mama mkwe wangu alivishuku kwa yote mawili miezi ya mwanzo. Ni vya mchezo. Watu wanne wanakaa mezani, mmoja wao ni msimulizi. Anasema: mmefika darajani, chini kuna ukungu, ng'ambo kuna zimwi, mnafanyaje? Wengine kila mmoja ana mtu wake wa plastiki, mrefu kama kidole gumba, na anaeleza mtu wake anachofanya. Dadu yenye pande ishirini ndiyo inayoamua kama umelikata zimwi mkono au umejikwaa ukatumbukia mtoni. Watu hawa wanatoka kiwandani wamekwisha kupakwa rangi, joho, ngao, hata kucha. Lakini wanauzwa ndani ya maboksi yaliyofungwa, mmoja mmoja, na hujui umepata nani mpaka urarue boksi. Humo ndani ya boksi ndimo ugonjwa unamoishi.

Mimi niliupatia kwenye duka la fotokopi. Nilikwenda kunakili maelezo ya somo la makuzi ya mtoto, na kwenye chumba cha nyuma kulikuwa na wanaume watatu wazima wakibishana kuhusu zimwi kwa sauti za watu wanaobishana kuhusu kiwanja. Walikuwa na upungufu wa mtu mmoja. Mwenye duka, ambaye kila mtu anamwita Mzee wa Kopi ingawa hajafika hata miaka thelathini na tano, akaniomba niwashikie nafasi kwa dakika kumi. Dakika kumi hizo sasa zina miaka miwili. Kila Jumamosi alasiri mimi ni mpanda mlima mwenye shoka, na hakuna mtu anayeniita Mama Punje wala kuniuliza shati lake liko wapi.

Wenzangu walicheza tu. Mimi nilikusanya. Seti yetu ina watu sitini, wenye namba chini ya vitako, na mimi nilikuwa nawaweka kwenye trei mbili za mayai juu ya kabati, kila mmoja kwenye shimo lake. Waliojirudia niliwatia kwenye kopo la maziwa, na hao mwanangu Punje aliruhusiwa kuwachezea. Trei hakuna kugusa. Kati ya mashimo sitini lilibaki moja tupu, namba arobaini na moja.

Ungedhani ni joka. Hapana, joka nilikuwa nalo, tena mawili. Namba arobaini na moja ni Mteka Maji: mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani, amebeba ndoo. Hapigani. Hana uchawi. Kwenye mchezo kazi yake ni kupita nyuma ya mashujaa akielekea kisimani. Kwa kuwa hakuna anayemhitaji, kiwanda kilitoa wachache, na kwa kuwa kilitoa wachache, mimi nikawa silali. Mume wangu aliponiona narudia kumwelezea ndoo ilivyochorwa, na tone moja la maji pembeni, aliniuliza kwa upole kwa nini nahangaika, kwani mwanamke mwenye ndoo si yupo hapa nyumbani, tena huyu anatembea. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa nije kwa mwanangu, maana habari hii ni yake.

Punje ni jina alilopewa na baba yake siku ya kwanza, kwa udogo wake. Ana miaka minne na nusu. Mwanzoni mwa mwaka tuligundua kwamba akitazama kitu anageuza kichwa pembeni kama kuku. Daktari wa macho alimpima, akatueleza kwamba jicho la kulia ni zima, ila la kushoto ni vivu. Halina kidonda, halina mtoto wa jicho, limezoea tu kubebwa na mwenzake. Dawa yake ni kuliziba lile zima kwa plasta kwa muda wa saa nne kila siku, ili lile vivu lisiwe na pa kukimbilia. Alisema ubongo wa mtoto hulisahau jicho lisilotumika, na kwamba umri huu ndio wa kulikumbusha, si baadaye. Akatupa miezi mitatu turudi apime tena. Nikauliza: na tukirudi hakuna mabadiliko? Daktari alianza kupanga kalamu zake mezani, moja baada ya nyingine, na mimi nikajua nimepewa jibu.

Kwa hiyo plasta ikawa ndiyo kazi ya nyumba nzima. Na Punje akaikataa kwa nguvu zote. Ukimbandika, anabandua. Tulizikuta plasta chini ya meza, kwenye mlango wa friji, moja mgongoni mwa baba yake, ambaye alikwenda nayo kazini akashinda nayo. Alilia kwamba amefungiwa gizani, na ilikuwa kweli, kwa sababu jicho lililobaki lilikuwa halijui kazi. Mimi nikawa nalia naye, kila mtu upande wake wa mlango wa choo. Mwezi mzima tulipata labda siku tano za maana.

Hapo ndipo elimu yangu ilipoingia. Masomo ya jioni, mwaka wa pili, cheti cha malezi na elimu ya awali: tulikuwa tumefika sura ya kutuza tabia njema. Nikanunua karatasi ya manila, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika siku za wiki kwa kalamu za rangi, nikatafuta nyota za dhahabu za kubandika. Kila siku yenye plasta, nyota moja. Nikalitundika bango ukutani sebuleni, nikampigia Punje hotuba fupi.

Na ikafanya kazi. Siku ya tatu alikaa na plasta saa mbili. Siku ya sita, saa nne kamili, bila machozi. Wiki mbili zikapita hivyo. Narudi kutoka kazini, mama mkwe ananiambia mtoto ameivaa toka asubuhi mpaka wakati wake, nami natoa nyota kwenye mkoba kama mfalme anayegawa vyeo. Niliwasimulia wenzangu kwenye meza za pasi, nikamsimulia mteja aliyekuja kuchukua suti. Jumatano moja nikaomba dakika tano darasani nikawasilisha bango langu. Nilitumia neno "uimarishaji" mara kumi na moja. Jirani yangu wa dawati alihesabu. Mhadhiri akavua miwani, akasema huu ndio mfano wa nadharia iliyoshuka chini ikatembea, akaomba picha ya bango aitundike kwenye ubao wa matangazo. Nilirudi nyumbani nikiwa simuoni mtu.

Jumamosi iliyofuata ndiyo siku niliyofanya ujanja.

Mmoja wa wenzetu wa mezani ni Fundi Meno. Anatengeneza meno ya bandia, ana mikono isiyotetemeka na tabia ya kukutazama mdomoni unapoongea. Yeye hajali seti. Anapenda kujenga: madaraja, visima, kuta, vyote kwa jasi ileile anayochukulia umbo la meno ya watu. Wakati huo alikuwa amejenga lango la mji, zuri ajabu, lenye matofali yaliyochongwa moja moja, na alikuwa na askari mmoja wa lango upande wa kulia. Upande wa kushoto mtupu. Alimtafuta wa pili kwa wiki kadhaa. Basi Jumamosi ile, tunapanga viti, akatoa kwenye kiboksi chake cha pamba mwanamke mwenye kitambaa kichwani, na ndoo, na tone la maji pembeni mwa ndoo. Amempata kwenye boksi lake la mwisho. Akauliza kama kuna mwenye askari wa lango wabadilishane.

Nilisema ninaye, kwa sauti ambayo Mzee wa Kopi baadaye aliifananisha na ya mtu aliyeungua na mvuke.

Mimi nilikuwa na askari wa lango watatu, wote kwenye kopo la maziwa. Nilikimbia nyumbani, ni mitaa miwili tu, Punje amelala usingizi wa mchana. Wawili kati ya wale watatu walikuwa wazima. Wa tatu alikuwa na kasoro ya kiwandani: brashi ya mashine ilimruka jicho la kushoto. La kulia lipo, jeusi, kali. La kushoto hakuna kitu, ngozi tupu kama ganda la yai. Nikasimama na kopo mkononi kwa muda wa kupumua mara mbili. Kisha nikawarudisha wazima wangu ndani, nikamchukua yule mbovu. Mkusanyaji yeyote angefanya hivyo, ndivyo nilivyojiambia njiani. Kwetu sisi watu watatu wenye namba moja ni mtu mmoja aliyejirudia. Akitoka mmoja hakuna kilichopungua.

Mezani nilimsimamisha ubavu, jicho zima kwa Fundi Meno, na nikaongea sana kuhusu mkuki. Mzee wa Kopi ana sheria zake za kubadilishana, ameziandika, amezipiga chapa na kuzitia nailoni kwa mashine yake mwenyewe, na ya kwanza inasema waliopeana mikono wasirudishiane. Tukapeana mikono. Nilimpeleka Mteka Maji nyumbani ndani ya leso, nikamweka kwenye shimo lake, nikazitazama trei mbili zilizojaa. Nilisubiri niwe mtu mwingine. Nilisikia furaha kubwa kwa muda kama wa kuchemsha chai, kisha nikaanza kupika.

Jumapili asubuhi Punje akagoma.

Si kulia kwa mchezo. Alijifunga kwenye shuka kama mzigo. Alisema anamtaka Askari. Nikamletea askari wa lango kutoka kwenye kopo. Akamtazama, akasema siyo huyu. Nikamletea wa pili. Siyo huyu. Nikamweleza kwa utaratibu tuliofundishwa, nikiwa nimechuchumaa usawa wa macho yake, kwamba hawa ni wale wale, tazama, mkuki ule ule, ngao ile ile. Akamtupa mmoja ukutani. Mimi nikahitimisha kwamba askari ni kisingizio na kwamba tatizo ni tuzo: mtoto amezizoea nyota, zimepoteza mvuto. Jioni ile nikanunua nyota kubwa zaidi, zinazong'aa, rangi tatu.

Jumatatu hakuna plasta. Jumanne nilimshika kwa nguvu nikambandika, kitu ambacho sijivunii, akaibandua pamoja na nywele chache za nyusi na kunitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa na mtu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu turudi kwa daktari. Nilikwenda kazini nikaunguza ukosi wa shati la watu. Siku nzima nikiinua pasi naona zile kalamu zinapangwa mezani.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa sebuleni anakunja nguo. Anaishi nasi na ndiye anayeshinda na Punje. Akiridhika nami ananiita Mama Punje. Akiwa na neno rohoni ananiita mwalimu.

"Mwalimu," akasema, "nyota zako zinasemaje leo?"

Nikamwambia nafikiria kubadili mfumo, labda nyota mbili kwa siku, moja asubuhi. Akaweka chini shati alilokuwa nalo.

"Mwanangu, yule mtoto hajui zile karatasi ni za nini. Anajua ni pambo la ukuta. Alikuwa anavaa plasta kwa ajili ya mgonjwa mwenzake."

Nikauliza mgonjwa gani. Akanieleza polepole, kama mtu anayemvua mwenzake mwiba. Punje alikuwa amemkuta kwenye kopo askari ambaye jicho lake la kushoto limelala kama la kwake. Akamleta kwa bibi yake ampime. Bibi akampima, akakubali kwamba ndiyo, ni jicho vivu, na huyu naye anahitaji plasta. Toka siku hiyo kila asubuhi, mimi nikishatoka, bibi alikuwa anakata plasta mbili: moja ya mtu, na moja ya kiasi cha punje ya ufuta. Wagonjwa wawili wanabandikwa jicho la kulia, wanakaa dirishani saa nne, wanahesabu watu wanaopita kwa macho ya kushoto. Askari alikuwa hodari, hakulia hata siku moja, kwa hiyo na mwenzake hakulia. Usiku walilala pamoja.

Ule uchafu wa alfajiri, kumbe. Nilioukwangua kwa ukucha.

Nikakaa. Nilikaa juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa, na hakunifukuza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, wiki zote hizo, mimi natamba na bango langu mpaka darasani.

"Ulikuwa na furaha," akasema. "Unatoka asubuhi, unarudi usiku na vitabu. Nikasema, mwache naye apate nyota."

Sijui kama kuna aibu nzuri, lakini ile ilikaribia. Nikafuta uso kwa soksi ya mume wangu, iliyokuwa karibu, nikamwambia nilikompeleka yule mgonjwa. Mama mkwe akauliza: yaani ulimtoa mtu mwenye jicho moja ukaleta mwanamke mwenye ndoo? Nikasema ndiyo. Akarudia kukunja nguo, mabega yanamtikisika, na nilishukuru kwamba angalau mmoja wetu anacheka. Kisha akaniagiza kwamba kesho niende na mtoto, amchukue mwenyewe kwa mkono wake. Mimi, akasema, nikimchukua naweza kumbadilisha kwa ndoo nyingine njiani.

Jumatano nikaomba ruhusa ya kutoka mapema, nikaacha darasa la jioni, ambako picha ya bango langu ilikuwa bado ubaoni, na nikampandisha Punje ngazi hadi karakana ya Fundi Meno, nyuma ya kliniki. Kwenye mkoba nilikuwa na pakiti ya plasta, kwa mazoea tu, na Mteka Maji ndani ya leso. Njiani nilikuwa nimemwambia Punje ukweli nusu: kwamba Askari alikwenda kwa fundi, na tunamfuata. Punje alikuwa ameanza tena kugeuza kichwa kama kuku.

Karakana inanuka nta na vumbi la jasi. Kuna kigurudumu cha kusagia, taa yenye shingo ndefu, kioo cha kukuzia, na rafu zilizojaa meno yaliyopangwa safu safu, yanachekea ukuta wa mbele. Punje akauliza ni meno ya nani. Fundi Meno akamwambia ni ya watu ambao bado hawajaja kuyachukua. Punje akafunga mdomo wake kwa mkono, akahamia upande wangu wa pili.

Nikatoa leso, nikamsimamisha Mteka Maji juu ya meza kati ya maumbo ya nta. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, ikatoka sentensi moja. Nilimwambia kwamba nimekuja kuvunja sheria ya kwanza, kwamba askari niliyempa ni mbovu, na kwamba nilijua, ndiyo maana nilimsimamisha ubavu.

"Dada yangu," akasema, "mimi kazi yangu kutwa nzima ni kutofautisha nyeupe na nyeupe. Wewe wa kunificha jicho mimi?"

Alikuwa ameliona kabla hata sijakaa. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali. Akasema aliona nilivyomtazama yule mwanamke mwenye ndoo, akaona kumnyima mtu anayetazama hivyo ni dhambi. Isitoshe, kwake kasoro si kitu. Akanyanyuka, mwenye furaha kama mtoto, akavuta kitambaa kilichofunika kitu kilichokuwa kwenye dawati la pembeni.

Lilikuwa lango lake. Askari wawili, kulia na kushoto. Alimnyooshea kidole yule wa kushoto, akanisukumia kioo cha kukuzia. Amempa jicho. Jeusi, na ndani yake nukta ya mwanga iliyotiwa kwa brashi ya unywele mmoja, na juu yake amepaka ule mng'ao anaoutia kwenye meno ya mbele. Lilikuwa zuri kuliko la kiwanda. Alisema ilimchukua Jumapili nzima na kwamba hakuna mtu duniani atakayejua akiangalia.

Nilimvuta kwenye kona ya kigurudumu, nikamnong'oneza habari yote: jicho vivu, plasta, wagonjwa wawili, wiki tatu. Uso wake ukabadilika. Akashika kichwa. Kisha mikono yake, ambayo haiwezi kukaa bila kutengeneza, ikafika yenyewe kwenye kikwangulio chembamba cha nta. Akaninong'oneza kwamba rangi bado haijakomaa sana, nimpe dakika mbili tu, anamtoa lile jicho, anambakisha kama alivyokuwa. Nikamwambia fanya haraka. Watu wazima wawili, mmoja mwenye kikwangulio na mwingine mwenye mwaka mmoja na nusu wa elimu ya malezi, tukageuka pamoja kwenda kumng'oa mtu jicho.

Punje alikuwa amekwisha kupanda kwenye stuli. Askari alikuwa mkononi mwake.

Nilimwona anamgeuza, akimleta karibu hadi pua zao zinagusana. Alimtazama kwa upande kwanza, kisha akanyoosha kichwa, akamtazama uso kwa uso. Akapitisha ncha ya kidole juu ya jicho lililokuwa limelala, sasa liko wazi, polepole. Fundi Meno alisimama na kikwangulio chake hewani. Mimi nikatafuta kichwani sura ya sita: usimdanganye mtoto, mweleze kwa maneno mafupi ya kweli. Nikachuchumaa. Nikaanza kumwambia kwamba asikilize, kwamba huyu mjomba alikuwa hajui, kwamba kuna rangi, na brashi. Maneno mafupi ya kweli yalikuwa yanarefuka.

Hakuwa ananisikiliza. Alishuka kwenye stuli, akamsimamisha Askari juu ya goti langu, akafungua zipu ya mkoba wangu na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akatoa pakiti. Akafagia nywele kutoka usoni kwa kiganja, akafumba macho yote mawili, akaninyooshea uso.

"Mama, nibandike plasta yangu."